Daftari la Neno Moja

Jirani humwomba jirani chumvi, kiberiti, jembe la siku moja. Ponsiana aliniomba mwaka. Ilikuwa mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yake Mchombe, siku binti yake alipopokea komunyo ya kwanza. Misa ilikuwa imekwisha, wageni wamejaa mbele chini ya turubai, spika inakwaruza nyimbo za kwaya, na sisi wawili tumejitenga uani, sahani za pilau mapajani, kando ya mkeka wa mpunga ulioanikwa. Kuku mmoja alikuwa anadonoa pembeni, na kila mara Ponsiana alimfukuza kwa kijiti bila hata kumtazama. Mlangoni pa jiko kulikuwa na beseni la mchele lililofungwa kwa kitenge. "La Mama Kandida hilo, yule jirani yenu," alisema aliponiona nalitazama. "Kila mwaka analeta." Ponsiana huzungumza polepole, akichagua neno moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, na anayemsikiliza hujifunza kusubiri.

"Loka," alisema. Jina langu ni Leokadia. Yeye peke yake ndiye huniita Loka. "Kidato cha tatu tulikuwa wote?"

"Wote. Chumba kimoja."

"Ndivyo wanavyoniambia." Akamfukuza kuku. "Mimi huo mwaka sina. Nakumbuka matokeo ya kidato cha pili, baba alichinja jogoo. Halafu nakumbuka niko hapa, kitandani, mama ananilisha uji kwa kijiko. Katikati hamna kitu. Wewe unao. Nipe."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha, kisha nikaona hacheki. Nina miaka thelathini na sita, kazi yangu ni kuandika, nimewapa watu wasiokuwepo duniani utoto, ndoa na misiba. Lakini mwaka ule sijawahi kuugusa hata kwa ncha ya kalamu. Alasiri ile nilimsimulia kidogo. Nilimpa nyumba, nilimpa mwalimu, nilimpa vichekesho. Nilipofika kwenye kopo la sukari mtu akatuita tukakate keki, nami nilisimama haraka kuliko mtoto yeyote pale.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo.

Lipangalala, mtaa wetu wa Ifakara, mvua za kwanza zikinyesha, nusu ya mtaa ilikuwa inahama. Mashamba ya mpunga yako mbali, ng'ambo ya mto, kwenye bonde linalojaa maji, na asiyelala shambani hana chake msimu ukiisha. Baada ya Krismasi akina baba na akina mama walibeba sufuria, vyandarua na watoto wadogo, wakavuka kwa mtumbwi, wakaenda kuishi kwenye vibanda hadi mavuno. Sisi wa sekondari tuliachwa mjini na ufunguo, gunia la mchele, samaki wakavu wa kutundika na maagizo. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mama zetu waliachwa hivyo hivyo na mama zao. Ponsiana, ambaye kwao ni Mchombe na shule ilikuwa huku, alikuwa amepokelewa nyumbani kwetu tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo mwaka ule tuliachwa wawili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilidhani nyumba isiyo na wazazi ndiyo mbingu.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha moja lililozibwa kwa wavu wa mbu, na harufu ya samaki kitoga mkavu ambayo haikutoka hata tulipofua mapazia. Chini ya kitanda kulikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyoachwa na mpangaji wa zamani, haina jalada mbele wala nyuma. Mpangaji huyo alikuwa mvutaji, na karatasi ya kamusi ni nyembamba. Kila alipokosa karatasi ya kusokotea tumbaku alichana ukurasa. Hivyo kamusi yetu ilikuwa na mapengo. Kulikuwa na maneno kadhaa ambayo mtu mmoja alikuwa ameyageuza moshi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Madamu Eliza, alikuwa mfupi, mkali, na kila siku alikuja na kikapu cha sokoni kana kwamba kufundisha ni kituo njiani kuelekea kwenye mchicha. Mwezi wa kwanza aliandika ubaoni neno moja la herufi tatu: *run*. Akauliza maana yake.

"Kukimbia, Madamu," alisema Deo, mcheshi wa darasa. "Tumemaliza. Tukapumzike?"

"Maji ya mto yana miguu, Deo?"

"Hayana, Madamu."

"Mashine ya kukoboa inakimbia kwenda wapi? Mtu anayegombea ubunge anakimbizwa na nani?"

"Na wenye nchi, Madamu."

Darasa liliangua kicheko, na Madamu Eliza mwenyewe aliuma mdomo asicheke. Alisema neno hili dogo lina maana nyingi kuliko vidole vya darasa zima, na atakayelimaliza atakuwa ameifahamu lugha ya Kiingereza hadi uvunguni. Wengi wetu tulisahau kengele ilipolia. Ponsiana hakusahau. Jioni ile ile alichukua daftari jipya la mistari, akaandika *run* kwenye jalada kwa herufi za kuchora, akaanza.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila maana aliyoipata kwenye kamusi aliipa namba, na kila namba aliipa sentensi ya Kiswahili iliyotoka uani kwetu, maana alisema maana isiyokaa ndani ya nyumba yako si maana, ni uvumi. Ninalo daftari hilo mbele yangu. Namba moja, kukimbia: *Kuku wa Mama Kandida amekimbilia chumbani kwetu na hataki kutoka.* Namba nne, kutiririka: *Bomba la shule lilitiririka Jumanne, Jumatano likanyamaza.* Namba saba, kuchuruzika: *Pua ya Loka inachuruzika tangu Jumapili lakini anasema halii.* Namba tisa, rangi kuchuja: *Kitenge chekundu kimechuja kwenye beseni, sasa shuka zetu zote ni za Pentekoste.* Namba kumi na mbili, kugombea: *Deo anagombea ukiranja kwa ahadi ya kufuta zamu za choo.* Namba kumi na sita, njia kupita mahali: *Barabara ya Mlimba inapita kwetu lakini haisimami.* Hiyo nilimwambia ni nzuri, akauliza nzuri kwa nini, nikashindwa kueleza. Nadhani siku ile ndipo nilipoanza kutaka kuandika. Nilitaka kuwa na sentensi kama ya Ponsiana.

"Hawa Waingereza," alisema siku moja akipepeta mchele, "wana kanga moja tu. Wanaivaa harusini, wanaivaa msibani, wanalimia hiyo hiyo, jioni wanajifuta nayo uso."

"Na sisi?"

"Sisi tuna sanduku zima. Ila hatujui limebeba nini mpaka aje mtu mwenye kanga moja atuulize."

Mwezi wa pili niliugua homa. Mama aliambiwa, akavuka mto, akanipeleka zahanati, nikaandikiwa dawa mseto: vile vidonge vya njano, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, vikiwa kwenye karatasi yenye picha ya jua na mwezi. Mama alikaa siku nne. Alipoona nimeanza kula alifunga kanga akarudi shambani, na wiki iliyofuata baba alikuja mjini kuchukua mbegu. Nilikuwa nimelala chumbani, mlango umerudishwa, nikamsikia uani akimwambia Mama Kandida, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Zile siku nne nguruwe pori wameingia upande wa mama yake. Homa ya mtoto imekula nusu eka." Sikumsikia Mama Kandida alijibu nini. Nilisikia tu lile la nusu eka, na nilikaa nalo kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa kopo. Kila nyumba uani kwetu ilikuwa na kopo lake. Mtu akianza dawa na homa ikashuka, aliacha njiani, kwa sababu dawa zilikuwa zinachafua tumbo na kwa sababu mzima anayekunywa dawa alionekana mwenye kufuja. Vilivyobaki viliwekwa kwenye kopo kumsubiri atakayefuata. Tuliona ni uungwana; ulikuwa unamwachia mwenzio. Siku mama alipovuka mto kurudi shambani, mimi nilikuwa nimekunywa vidonge kumi na viwili. Kumi na viwili vilivyobaki niliviingiza kwenye kopo la sukari, ambalo halikuwa na sukari.

Mwezi wa tano mpunga ulianza kuiva, na ndege wakaja. Kwelea ni wadogo kuliko ngumi ya mtoto, lakini hushuka kama wingu, na shamba lisilo na mtu wa kupiga kelele na kurusha udongo tangu alfajiri hadi jua kuzama huachwa mabua matupu. Kazi hiyo huitwa kuamia. Wiki hizo hakuna mzazi aliyevuka mto kwa sababu yoyote. Kila Jumapili saa kumi jioni mama alikuwa akipanda kichuguu kirefu kilichokuwa karibu na kibanda, mahali pekee simu ilipopata mtandao, na kutupigia kwa simu ya Mama Kandida.

Ponsiana alikuwa amefika namba thelathini na moja. Hapo kamusi yetu ilikatika, kwa kuwa ukurasa uliofuata ulikuwa umevutwa zamani, na Madamu Eliza alikuwa amemwahidi kwamba Jumamosi atamwazima kamusi yake kubwa. Ijumaa Ponsiana alirudi kutoka shule akitetemeka juani. Nilileta kopo. Alikunywa vinne kwa uji usio na sukari, akasema, "Loka, kesho utanifuatia kamusi." Sikumfuatia. Jumamosi nilikuwa namkanda kwa maji. Jumapili, vidonge vikiwa vimekwisha, homa ilishuka, alikaa kitako, akala ukoko, akanicheka nilivyochoka. Simu ilipolia nilimwambia mama hatujambo. "Ponsiana yuko wapi?" Nikasema anafua. Nyuma ya sauti ya mama nilisikia watoto wa mashamba ya jirani wakipiga madebe, na ndege.

Jumatatu usiku homa ilirudi. Jumanne asubuhi Mama Kandida, jirani yetu aliyekuwa akituuzia maandazi na aliyeachiwa jicho la kututazama, alisimama mlangoni amebeba jembe na chungu chake, naye anakwenda kuamia shamba lake.

"Hodi humu! Mbona kimya leo, mabibi wa Kiingereza?"

"Ponsiana ana homa, mama."

Aliingia, akatua chungu, akamshika paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Amekunywa dawa?"

"Amekunywa. Amemaliza juzi."

"Dozi nzima?"

Nasikia swali hilo hadi leo, na sauti yake ya haraka, ya mwanamke anayewaza ndege. Lilikuwa na jibu la neno moja. Ningesema hapana, angeuliza iliyobaki iko wapi, angempelekea mama habari, mama angevuka mto, na nusu eka nyingine ingeliwa, au safari hii shamba zima, na baba angesimama uani akaitaja kwa sauti ile ile isiyo na hasira.

"Nzima," nilisema.

"Basi ni uchovu wa dawa. Zile zinalegeza. Mpe uji mwepesi, nikirudi kesho nitamkuta anacheka." Akajitwika chungu chake. Mlangoni aligeuka, akamtazama tena, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda.

Jumatano mchana Ponsiana alikaza macho juu ya dari na mwili ukaanza kuruka. Nilimpeleka hospitali kwa baiskeli ya abiria, mwendeshaji akisukuma, mimi nimemkumbatia kwa nyuma asianguke, na njia nzima nilikuwa naongea naye, nikimtajia namba. Nne, kutiririka. Saba, kuchuruzika. Kumi na sita, kupita. Watu walitupisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini msichana anayelia anahesabu.

Hakufa. Siku ya tisa alifungua macho, akanitazama, na akasema, "Maji." Wauguzi walifurahi, mama yake aliyekuwa amekuja kutoka Mchombe alipiga magoti. Nilimnywesha. Akasema tena, "Maji." Nikamnywesha tena, akageuza uso, maji yakamwagika shingoni. Ilituchukua siku mbili kuelewa kwamba hilo ndilo neno pekee lililokuwa limebaki. Yule aliyekuwa na sanduku zima alikuwa amebakiwa na kanga moja, na aliivaa kwa kila kitu.

Nililigeuza daftari, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Mkono wangu haukuwa mzuri kama wake, lakini nilifuata utaratibu wake. *Maji*, namba moja: ana kiu. Namba mbili: mvua inanyesha. Namba tatu: anatoka jasho, mfunuliwe. Namba nne, akinyoosha kidole dirishani: mama amekwenda wapi. Namba sita, kwa sauti ya chini: anataka haja na kuna wanaume wodini. Namba nane: sindano inauma. Namba tisa, akishika kanga yangu: usiondoke. Mama yake hakusoma, kwa hiyo nilimfundisha orodha kwa mdomo, na muuguzi mmoja aliinakili kwenye mkono wake kwa kalamu. Kwa wiki tatu nilikuwa mtaalamu pekee duniani wa lugha yenye neno moja.

Namba kumi na moja haina maelezo. Alikuwa amelala, mimi nafunga chupa ya uji, akaniita kwa neno lile. Nilipogeuka alikuwa ananitazama bila kupepesa, hakunyoosha kidole, hakutaka kunywa, hakutaka kufunuliwa. "Maji," alisema, taratibu, kwangu mimi. Nilijaribu kila namba, akatikisa kichwa kila mara, mwishowe akaniacha. Wiki iliyofuata walimchukua Mchombe. Hakurudi shule. Maneno yake yalirudi moja moja, miaka mingi, ila ya Kiingereza hayakurudi kabisa. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka Ifakara, na kila nilipoandika nilisikia mtu nyuma yangu akisema neno ambalo sikulipatia maana. Sikumwambia mtu kuhusu kopo. Daftari nililihamisha nyumba saba.

Jumamosi iliyopita nilirudi Mchombe nalo. Tulikaa pale pale uani. Nilimsomea yote niliyoyaandika hapa, na kopo, na Jumapili, na Jumanne. Alisikiliza akishona kifungo cha gauni jeupe la binti yake, na nilipomaliza aliendelea kushona hadi kifungo kikashika.

"Nilijua vile vidonge ni vya kubaki?" aliuliza.

"Ulijua. Wewe ndiye uliyesema vinatosha."

Alinitazama. "Hapo siwezi kujua kama unasema kweli."

"Huwezi."

"Ndiyo ubaya wa kuazima mwaka." Akakata uzi kwa meno. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri miaka kumi na tisa, nilidhani naweza kusubiri dakika nyingine, kumbe ilikuwa ngumu kuliko miaka. Kisha akasema, "Mimi nikusamehe vipi, Loka? Huyo msichana simjui. Namsikia kama mnavyosikia habari za mtu redioni. Alikuwa mcheshi, eh?"

"Sana."

"Namba kumi na sita isome tena."

Nikamsomea. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande unaotabasamu. Halafu akageukia mlango wa jiko, ambako beseni la Mama Kandida lilikuwa tupu sasa, limeoshwa, kitenge kimekunjwa ndani yake.

"Yule mama kila akija analia," alisema. "Anasema nimsamehe. Anasema alinishika hapa," akagusa paji la uso, "akaenda kwenye ndege wake. Anasema angekaa tu. Miaka yote namwambia, mama, sijui unasema nini. Yeye anakumbuka. Mimi sina huo mwaka, lakini yeye anao, na huo aliopewa si wa kweli." Aliinuka kwa shida, akalichukua beseni, akaniwekea mapajani. "Mrudishie chombo chake."

Nilifika Lipangalala alasiri. Uani pamebadilika, chumba chetu sasa ni saluni, lakini Mama Kandida nilimkuta amekaa kwenye kigoda kile kile, mgongo umepinda, ungo mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ni Leokadia huyu? Sogea nikuone. Umetoka kwake? Hajambo?"

"Hajambo. Amekurudishia beseni."

"Afadhali, lete." Akalipokea, na kabla sijakaa alikuwa ameshaanza kumimina mchele ndani yake kutoka kwenye ungo. "Utampelekea huu mwingine. Mpya, unanukia. Mwambie..."

"Mama, weka chini kwanza."

Mikono yake ilisimama. Kwetu mtu huambiwa hivyo kabla ya habari za msiba. "Ponsiana?" alinong'ona.

"Mzima, mama. Habari ni yangu mimi." Nilipiga magoti mbele yake, mchele uliomwagika ukanichoma. "Ile Jumanne ya ndege uliniuliza kitu mlangoni. Niulize tena."

Alinitazama, macho yake ya kizee yakitafuta. Niliona alipoipata siku yenyewe, jembe, chungu, paji la uso lenye moto.

"Amekunywa dozi nzima?"

"Hapana, mama," nilisema.